Kwa Jina la Baba, Nipeni Maji

Asubuhi hiyo nilikuwa nimekaa kwenye cherehani yangu, kibarazani pa nyumba tunayoishi Nyakato, Musoma. Mteja alikuwa amekuja kuchukua gauni la ubatizo la mjukuu wake, nikamwomba akae kidogo nimalizie upindo. Mimi sikuwa naanza kazi yoyote bila ishara ya msalaba. Mama yangu alinizoesha hivyo nikiwa mtoto kule Kibara, kabla sijajua hata kusoma: paji la uso, kifua, bega la kushoto, bega la kulia, ndipo ushike jembe au kijiko. Niliinua mkono kama siku zote. Ukafika kwenye paji la uso, hapo ukakaa. Nikautuma ushuke kifuani, haukutii. Halafu ulianguka wote kwa mara moja, ukagonga mbao ya cherehani kama kitu cha mtu mwingine.

Mteja alinitazama. "Mama, mbona mdomo wako umehama?"

Nilitaka kumwambia ni uchovu tu, nimechelewa kulala. Kilichotoka ni mlio kama wa ndama. Nikajaribu tena, mlio ule ule. Yule mama aliangusha mkoba wake akakimbilia barabarani kutafuta bajaji, na mimi nikabaki nimeegemea ukuta, nikisikia upande wangu wa kulia ukizidi kuwa mzito, kama nguo iliyolowekwa.

Hospitalini walisema ni kiharusi. Mume wangu alifika jioni kutoka Buhemba, anakofanya kazi kwenye karasha, pale wanaposaga mawe ya dhahabu. Alikuja na vumbi lake lote, hata nyusi zilikuwa nyeupe. Daktari, mama mmoja mpole, alimweleza mbele yangu.

"Anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu. Kilichoumia ni pale maneno yanapotengenezwa. Kwa hiyo ukiongea naye, usimfanye mtoto."

Mume wangu aliitikia kwa kichwa, akanigeukia akaniuliza kwa sauti kubwa sana, kama niko ng'ambo ya mto: "MAMA, UNANIONA?"

Nilikuwa namwona. Nilikuwa na maneno yote kichwani, yamejipanga vizuri, hata utani wa kumtania kwa nyusi zake. Yalikuwa yanafika mdomoni yanakuta pamefungwa.

Siku iliyofuata alikuja mama yangu kwa basi kutoka Kibara, na harufu ya moshi wa samaki kwenye kitenge chake. Hakulia. Aliweka kikapu chini, akaushika mkono wangu uliokufa, akauinua mwenyewe. Akaugusisha kwenye paji langu. Na mimi, bila kufikiri, nikasikia sauti yangu inasema wazi kabisa, bila kukwama hata silabi moja:

"Kwa jina la Baba."

Mama hakuuachia mkono. Akaushusha kifuani. "Na la Mwana." Akaupeleka begani, kisha bega jingine. "Na la Roho Mtakatifu. Amina."

Mama alipiga vigelegele wodini mpaka nesi akaja kumnyamazisha. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walipiga makofi. Mume wangu alikaa chini sakafuni akafunika uso. Mimi nililia kwa furaha, nikamtazama mama, nikafungua mdomo kumwambia: mama, nina kiu, nipe maji.

"Kwa jina la Baba," nilisema, "na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina."

"Amina, mwanangu," mama akasema. "Amina."

Nikajaribu tena. Maji, mama. Neno dogo tu. "Kwa jina la Baba…" Wote waliinamisha vichwa.

Daktari alipopita aliwaambia kwamba jambo hilo hutokea. Sala, nyimbo, vitu ambavyo mtu amevirudia tangu utotoni, vinaweza kutoka vyenyewe hata maneno mengine yakiwa yamekwama. Alisema ni dalili njema lakini wasidhani nimepona. Nadhani mama alisikia nusu ya kwanza tu.

Niliporuhusiwa, ikaamuliwa nipelekwe Kibara. Nyakato hakukuwa na mtu wa kunitunza. Mume wangu alitakiwa kurudi kazini, na watoto wetu wanaishi mbali pamoja na familia zao. Waliamua yeye na mama, wakiwa wamesimama kila mmoja upande wake wa kitanda, na maneno yao yakipita juu yangu. Nilitaka kusema nibaki. Nilifumba mdomo kwa nguvu, kwa sababu nilishajua kitakachotoka.

Tulikodi gari dogo. Mimi nililazwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa mama. Tulipofika Bunda dereva aliegesha karibu na stendi anunue maji na mkate. Nilikuwa nimebanwa na mkojo tangu tulipotoka Musoma. Pale palikuwa na choo, nilikiona kupitia kioo, mlango wa bati la bluu. Nikajilazimisha. Nikaelekeza macho kwenye ule mlango, nikamvuta mama kitenge kwa mkono wa kushoto, nikasema kwa nguvu zangu zote:

"Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu!"

Dereva alikuwa anaingia garini. Alivua kofia. "Mama anatuombea safari," akasema kwa heshima. "Amina, mama." Akawasha gari.

Niliendelea kusema. Nilisema mpaka nyumba za mwisho za Bunda zikapita. Mama alikuwa ananipapasa nywele. Kwenye barabara ya Kibara, yenye mashimo, sikuweza tena kujizuia. Mama alipoona kiti kimelowa alisema taratibu, "Pole, mwanangu, si kosa lako," akanifunika na kitenge chake. Nilitazama paa la gari njia nzima.

Nikiwa mdogo niliwahi kumwuliza mama kwa nini tunasema "kwa jina la". Alikuwa anabanika sato, akajibu bila kugeuka. "Nikikutuma kwa jirani ukaazime sufuria, unasemaje?" Nikajibu, nasema mama amenituma. "Basi. Usiende popote kwa jina lako, nani anakujua? Sema aliyekutuma." Maelezo hayo yalinitosha miaka yote. Niliposhona, niliposafiri, nilipojifungua, nilijua nimetumwa na nani. Sasa nililala kwenye chumba cha mama, dirisha likitazama vichanja vya dagaa, nikawa natumwa kutwa nzima bila kujua nimetumwa nini. Nikitaka dirisha lifunguliwe, jina la Baba. Nikihisi nzi usoni, jina la Baba. Niliposikia uchungu wa mguu uliokunjwa vibaya, nikataka kutukana, kutukana kabisa, Mungu anisamehe, jina la Baba, na la Mwana.

Wanajumuiya wa kanisani wakaanza kuja. Mwanzoni walikuja kunipa pole, wakakaa, wakasali rozari, wakaondoka. Kisha habari ikaenea kwamba Mungu amenifunga mdomo wote akaniachia neno lake peke yake. Mama hakuwaambia hivyo, lakini hakuwakatalia. Wakaja wa vijiji vya jirani. Walinikalisha kwenye kiti cha kamba, wakanivalisha rozari shingoni, wakapiga magoti mbele yangu. Mwenye mgongo, mwenye mume mlevi, mwenye mtihani wa mtoto. Kila mmoja alieleza shida yake, na mimi niliyeijua shida na pengine na ushauri wake, nilifungua mdomo nikasema kile kile. Walikuwa wanaondoka wanashukuru. Nilianza kuogopa asubuhi. Nikisikia "Hodi" uani, nilifumba macho nijifanye nimelala, nao walikuwa wanakaa kunisubiri.

Ikatokea siku nikawa nasema mfululizo kwa sababu mgongo ulikuwa unaniuma, umetoka kidonda kwa kulala, na hakuna aliyekijua bado. Mama akaogopa. Alidhani naaga. Akamtuma mtu kumwita padri.

Padri alikuja kwa pikipiki, kijana, viatu vimejaa tope. Aliwaomba wote watoke nje, akaketi karibu nami akavaa shingoni stola yake, ule utepe wa upadri. "Mama, ungependa kuungama?"

Nilitaka kusema hapana, nitazameni mgongo. "Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina."

Na kila Mkatoliki anajua ndivyo maungamo yanavyoanza. Padri aliinamisha sikio akasubiri dhambi. Alisubiri kwa uvumilivu mkubwa. Mimi nikamtazama sikio. Nikaanza tena, naye akaitikia tena akasubiri. Tulifanya hivyo mara kadhaa, mpaka nikaona jasho linamtoka, nikamwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi. Mwisho aliniambia kwa sauti ya chini kwamba Mungu anajua yaliyomo, akaniondolea dhambi ambazo sikuzisema, akanipaka mafuta kwenye paji la uso na viganjani. Mafuta yalikuwa ya vuguvugu. Mama alikuwa mlangoni, ameshika mshumaa. Nikaona wameniweka kwenye njia ya kaburi na mimi sijafa, na sala niliyoipenda kuliko zote ndiyo iliyokuwa inanisukuma.

Ni katika siku hizo alipokuja wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, kutoka Butiama. Mwanamke mrefu, mfugaji, asiyecheka ovyo. Tangu niolewe nilikuwa namwogopa. Si Mkatoliki, na kanisa lake mwenyewe haendi sana. Anasemaga ng'ombe hawajui Jumapili. Alipoingia uani, mbele yangu alikuwa amepiga magoti mama mmoja kijana, ameniwekea mtoto wake mapajani. Mtoto alikuwa wa moto kama chungu, kichwa kimelegea. Nilikuwa nasema bila kupumzika. Mpelekeni zahanati, nilikuwa nasema, mpelekeni sasa hivi, na kilichosikika ni jina la Baba, na wanawake waliozunguka wanaitikia. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa unamsukuma yule mtoto kuelekea mlangoni. Mama yake alikuwa anamrudisha mapajani kwangu, anadhani nambariki.

Wifi alisimama, mzigo wake bado uko kichwani. Hakutazama mdomo wangu. Alitazama mkono.

"Nyamazeni," akasema.

Wakanyamaza.

"Huyu hasali. Tazameni macho yake. Huyu anawafukuza." Akatua mzigo, akamgusa mtoto shingoni. "Weh! Mtoto anachemka hivi mnamleta kwa mgonjwa? Zahanati iko wapi? Inuka, twende. Inuka!"

Alimbeba mwenyewe. Mama wa mtoto akakimbia nyuma yake, kanga ikidondoka. Walirudi baadaye, mtoto ana malaria kali, amechomwa sindano, na baada ya muda alipona. Namwonaga hata leo nikienda Kibara, anacheza. Lakini jioni ile wifi hakuzungumza habari za mtoto. Alifunga mlango wa ua. Akavuta kigoda akakaa mbele yangu, magoti yetu yanagusana.

"Wifi," akasema. "Ng'ombe hasemi, lakini mimi najua akiwa na kiu na najua akiwa na uchungu. Wewe usiseme. Funga mdomo. Nipe mkono huu mzima. Nikiuliza jambo, kama ndiyo, nibane. Kama hapana, acha."

Nikambana hata kabla hajauliza.

"Una njaa?" Niliacha. "Kiu?" Nikabana. Akaniletea maji, nikanywa kikombe kizima, akaongeza. "Kuna panapouma?" Nikabana mpaka akasema, polepole, utanivunja. Alinipapasa toka kichwani. Alipofika mgongoni nilimbana tena, akainua gauni langu. Kisha akamwita mama.

Mama alipokiona kidonda aliweka mikono kichwani. Alikuwa ananiogesha kila siku, lakini alikuwa ananigeuza kwa upole upande mmoja tu, akiogopa kuniumiza. Wifi hakumgombeza. Alisema tu, "Mama, chemsha maji na chumvi," na wakakisafisha wawili, mimi nikiuma mto.

Wifi alikaa nasi msimu wote wa kupanda. Wageni waliambiwa mgonjwa amepumzika. Aliniuliza kila kitu, hata mambo ya kipuuzi: mboga hii au ile, nifunge kanga ya kijani au hii. Ilikuwa kama kurudishiwa nyumba chumba kimoja kimoja. Na asubuhi moja akinilisha ugali wa muhogo na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, akauliza kama kawaida, "Umeshiba?" mkono wake uko tayari, nami nikasema:

"Bado."

Tulitazamana. Akaweka sahani chini. "Umesema nini?"

"Bado," nikasema.

"Bado!" akapiga kelele. "Mama, njoo! Amesema bado!" Akacheka, mara ya kwanza nimwone anacheka hadi meno ya nyuma, akanimegea tonge kubwa kama la mwanaume.

Maneno mengine yalifuata taratibu, kama mifugo inayotoka zizini mmoja mmoja. Mkono haukurudi. Na kitu kimoja sikukitaka: ishara ya msalaba. Mama alipoushika mkono wangu kabla ya kula, niliuvuta. Alipoanza sala mimi nilifumba midomo. Sikuwa nimemkasirikia Mungu. Niliogopa kwamba nikifungua kwa sala ile, mlango utajifunga tena nyuma yangu nisitoke. Na nilikuwa nimechoka kusema kitu ambacho sijakichagua.

Mama alivumilia, mpaka siku moja tukiwa wawili tu uani, mimi nimekaa na yeye anageuza dagaa kwenye kichanja, akaniuliza bila kunitazama.

"Unanilaumu?"

Nikatafuta neno. "Kidogo."

Akaendelea kugeuza dagaa. "Nilikuwa naogopa," akasema. "Ulipolala pale hospitali huna sauti, nilisema mtoto wangu ameibiwa mzima mzima. Halafu ukasema jina la Baba. Nikasema, kumbe hiki hakijaibiwa, hiki nilimpa mimi. Nikakishikilia. Sikutaka mtu aniambie si chenyewe."

Sikuweza kujibu kwa haraka, na yeye alijua, akangoja. Nikasema, "Maji. Nilikuwa naomba… maji."

"Najua sasa," mama akasema. Akajifuta uso kwa mgongo wa mkono wenye magamba ya dagaa, magamba yakabaki shavuni. Tulikaa hivyo mpaka mawingu yakaja kutoka ziwani ikabidi aite majirani wamsaidie kuanua.

Wifi aliondoka mvua zilipopungua. Ng'ombe wake walikuwa wanamsubiri Butiama. Gari la Bunda lilisimama barabarani, kondakta anagonga bodi kwa kiganja kuhimiza abiria. Alinisindikiza mimi badala ya mimi kumsindikiza yeye, yaani alinishika kiuno tukatembea mpaka pale, nikiburuta mguu. Alipoinama kuniaga, nilinyanyua mkono wa kushoto. Kwetu kumpa mtu kitu kwa kushoto ni utovu wa adabu, na mama alikuwa nyuma yangu, nilimsikia akivuta pumzi. Nikaweka kidole gumba kwenye paji la uso la wifi, nikachora msalaba mdogo, kama mama alivyokuwa ananichora nikienda shule. Sikusema neno lolote. Mdomo ulitaka, niliuzuia, ukatii.

"Nini hicho?" wifi akauliza.

"Safari," nikasema. "Salama."

"Haya," akasema. Hakujifuta. Akapanda.

Sasa nimerudi Nyakato. Cherehani anaiendesha mtu mwingine, mimi nakata kwa mkono wa kushoto, taratibu, na vitambaa vingine naharibu. Kanisani najisaini kwa mkono huo huo. Mwanzoni mzee mmoja wa benchi la mbele alinigeukia akaninong'oneza kwamba huo si mkono wa msalaba. Nilimwonyesha ule mwingine, uliolala mapajani, akaona haya akageuka mbele. Zipo Jumapili najisaini na zipo Jumapili naacha mikono yangu yote imelala, watu wote wakiwa wamesimama na mikono inapaa na kushuka kama shamba linalopitiwa na upepo, nami nakaa ndani yake kimya. Mume wangu, akiwa amekuja kutoka Buhemba, ananitazamaga kwa pembeni. Hajawahi kuuliza. Juzi tu, tukitoka misani, aliniambia nimekonda, akataka kujua mchana nitakula nini. Nikafikiri muda mrefu, yeye akisimama juani na mwavuli wangu mkononi. Nikamwambia: sato, wa kuchemsha, na ndimu nyingi.